Ramani Ilisema Hapa Ni Salama

Novemba 2019 mlima ulishuka usiku kule Nyarkulian na Parua, West Pokot, ukafunika watu wakiwa wamelala. Shule zilikuwa zimefungwa, niko nyumbani na simu ya mathe mkononi. Kitu ya kwanza niliyosoma chini ya habari hiyo haikuwa pole. Ilikuwa swali: "Kwani hawakuuona mlima?" Watu wengi walikuwa wamelipenda. Wacha niseme ukweli, mimi pia nililipenda.

Swali hilo hurudi kila mvua kubwa ikinyesha. Ni tamu kwa sababu linakuacha wewe unayeuliza ukiwa mjanja, na aliyefunikwa akiwa fala. Leo nataka kuwapeleka mahali ambapo swali hilo halina miguu ya kusimama. Ni mbali, ni baridi, na huko kilichoua si matope bali theluji. Lakini watu wa huko walikuwa na sheria, walikuwa na mainjinia, na walikuwa na ramani yenye mstari ulioonyesha hatari inaishia wapi. Waliokuwa nje ya mstari walienda kulala.

Kijiji kinaitwa Flateyri, kaskazini-magharibi mwa Iceland. Jina lenyewe lina maana ya ulimi tambarare wa mchanga unaoingia baharini, na kijiji kimekaa juu ya ulimi huo. Mbele ni bahari, nyuma ni mlima unaozidi mita 600, na juu ya mlima kuna korongo pana linaloitwa Skollahvilft. Biashara ilianza hapo mwishoni mwa karne ya 18, kisha ikawa samaki, samaki, samaki. Nyumba za kwanza zilikuwa karibu na maji. Watu walipoongezeka, ulimi wa mchanga haukurefuka. Nyumba zikaanza kusogea upande wa mlima. Ukitaka kujua kwa nini watu hujenga chini ya mlima, anzia hapo: kazi iko pale, na ardhi tambarare iliyobaki iko pale. Hakuna siri nyingine.

Alfajiri ya 26 Oktoba 1995, saa kumi na dakika saba, Skollahvilft iliachilia. Nyumba 29 zilivunjwa, watu 45 wakafunikwa, 20 wakafa. Kijiji kizima kilikuwa na watu wasiofika 400. Chukua mtaa wako, hesabu watu 20 unaowajua kwa majina, uwaondoe kabla jua halijatoka.

Sasa, kwa sisi ambao theluji yetu ni ile ya kilele cha Mlima Kenya tunayoitazama kwa mbali, ni rahisi kufikiri kwamba hili ni jambo la kitu laini kumwagika. Hapana. Upepo huchukua theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuilundika kwenye korongo la upande wa pili, tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja likiwa dhaifu, na mteremko ukiwa mkali kama digrii 30 hadi 45, bamba zima la juu hukatika kwa mpigo mmoja kama sahani na kuanza kuteleza. Theluji kavu hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ikifika chini inasukuma ukuta kama lori lililojaa mawe. Ikisimama inashikana, karibu iwe saruji, na aliye ndani hawezi hata kuinua mkono.

Kinachoumiza ni kwamba Flateyri haikuwa ya kwanza mwaka huo. Miezi tisa nyuma, 16 Januari 1995, kabla ya saa kumi na mbili unusu asubuhi, poromoko lilipiga Súðavík, kijiji kingine cha eneo hilohilo. Watu 14 walikufa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, dhoruba ilikuwa kali, na waokoaji ilibidi waje kwa meli. Nchi nzima haikuwa na watu 300,000. Ndani ya mwaka mmoja vijiji viwili vilipoteza watu 34, na sehemu kubwa ya nyumba zilizopigwa ilikuwa mahali palipoaminika kuwa hapana hatari.

Kwa hivyo tusiulize kama waliuona mlima. Mlima waliuona kila siku wakifungua mlango. Swali la haki ni: nani alichora ule mstari, na alitumia nini kuuchora?

Alitumia kumbukumbu, kwanza. Iceland imezikwa na theluji mara nyingi: watu 24 Seyðisfjörður mwaka 1885, 20 Hnífsdalur mwaka 1910, 12 Neskaupstaður mnamo Desemba 1974. Baada ya hiyo ya 1974 nchi ikaanza kupanga mambo, na mwaka 1985 ikapatikana sheria ya kujikinga na maporomoko ya theluji na ya ardhi. Zikaanza kuchorwa ramani za hatari. Lakini kumbukumbu ya kijiji ina urefu wa kijiji. Kama poromoko kubwa kabisa la korongo fulani huja mara moja kwa miaka 200, na watu wamekaa hapo miaka 150, basi hakuna babu wala nyanya aliyewahi kusimulia. Halafu kuna jambo lingine: poromoko lililopita mahali patupu zamani, bila kuua kondoo wala mtu, nani aliliandika? Kitabu cha maafa huandika maafa. Theluji iliyofika kwenye uwanja mtupu haikuwa habari, mpaka uwanja huo ulipogawanywa ploti.

Alitumia hesabu, pili. Wataalamu wa Norway walipima maporomoko zaidi ya 200 wakapata njia moja ya ujanja. Unashuka na mteremko mpaka unapofika mahali mlima umelegea hadi digrii 10. Unasimama hapo, unageuka, unapima pembe kutoka hapo hadi juu kule theluji inapoanzia. Pembe hiyo inakusaidia kukadiria poromoko kubwa litafika wapi. Ni hesabu nzuri, na Iceland waliiazima. Ila hesabu ya aina hii inakupa wastani na mapana ya kukosea. Haikuambii "mwisho ni hapa kwa mama Fulani." Ni binadamu anayekaa na kalamu na kuamua mstari mmoja mwembamba upite wapi.

Na binadamu ana presha zake. Hebu fikiria wewe ni diwani wa kijiji cha watu 400 kinachotegemea kiwanda kimoja cha samaki. Ukisogeza mstari mita 50 kuelekea baharini, nyumba 20 zinapoteza thamani usiku mmoja, vijana wanahamia Reykjavík, shule inafungwa. Ukiuacha pale ulipo, hakuna kinachotokea mwaka huu. Wala mwaka ujao. Huhitaji kuwa mwizi ili uuache pale ulipo.

Watu wa Alps walikuwa wamekutana na haya mapema zaidi. Pale Andermatt, Uswisi, kuna hati ya mwaka 1397 iliyopiga marufuku kukata miti ya msitu ulio juu ya kijiji, kwa sababu miti ndiyo hushikilia theluji isianze safari. Miaka zaidi ya 600 iliyopita, watu bila kompyuta, bila setilaiti, walishaandika sheria ya matumizi ya ardhi wakijua sababu yake. Na bado tarehe 20 Januari 1951 Andermatt ilipigwa na maporomoko sita ndani ya saa moja, watu 13 wakafa. Majira hayo ya baridi yaliua watu 98 Uswisi. Ndipo hati za kulinda misitu zikaonekana hazitoshi, na kuanzia miaka ya 1950 wakaanza kuchora ramani za hatari, kijiji baada ya kijiji.

Ramani za Uswisi zina rangi, na nadhani kila mtu anayepanga kununua ploti angefaa kuzijua. Nyekundu: usijenge. Ni pale theluji hufika angalau mara moja kwa miaka 30, au hata kama huja kwa nadra mpaka mara moja kwa miaka 300, ikija inasukuma kwa nguvu ya tani 3 au zaidi kwa kila mita mraba. Bluu: unaweza kujenga kwa masharti, ukuta wa upande wa mlima uwe imara, na ukiambiwa uondoke uondoke. Nyeupe: jenga.

Hiyo "mara moja kwa miaka 300" ndiyo hudanganya watu. Unaisikia na unapumua, unasema mimi nitakuwa nimekufa zamani. Lakini theluji haipangi foleni. Ukikaa miaka 50 kwenye nyumba iliyo mahali kama hapo, uwezekano wa kukutana na poromoko angalau mara moja ni karibu 15 kwa 100. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hesabu hii niliirudia mara tatu kabla ya kuiamini. Ungepanda matatu ambayo 15 kati ya kila 100 hazifiki?

Na majira ya baridi ya 1999 yakaonyesha hata rangi nyeupe si ahadi. Tarehe 9 Februari theluji ilishuka Montroc, karibu na Chamonix, Ufaransa, ikaua watu 12 kwenye nyumba za likizo zilizojengwa kwa ruhusa. Wiki mbili baadaye, 23 Februari, Galtür ya Austria, watu 31. Nyingi ya nyumba zilizopigwa Galtür zilikuwa kwenye eneo la kijani, yaani salama. Austria ikakaza vipimo vyake: nguvu inayotosha kulifanya eneo liwe jekundu ikashushwa kutoka tani 2.5 hadi tani 1 kwa mita mraba. Ufaransa nayo ikampeleka meya wa Chamonix mahakamani, na mwaka 2003 akapewa kifungo cha nje cha miezi 3 kwa kutoamuru watu waondolewe. Sijui kama hukumu hiyo ilikuwa ya haki kwa mtu ambaye ramani ya serikali ilimwambia pako sawa. Lakini niambie mara ya mwisho kiongozi wa hapa kwetu kusimama kizimbani kwa sababu ya mahali watu walipolala ni lini.

Turudi Iceland, kwa sababu wao walifanya kitu tofauti, na ndicho kilichonifanya niandike.

Walibadilisha swali lenyewe. Badala ya kuuliza "theluji inaweza kufika wapi?", walianza kuuliza "mtu anayeishi kwenye nyumba hii ana uwezekano gani wa kufa na theluji mwaka huu?" Inaonekana ni maneno tu, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Swali la kwanza linajibiwa kwa mstari: huku hatari, huku raha. Swali la pili linajibiwa kwa namba ambayo inapungua polepole ukishuka kuelekea baharini, na haifiki sifuri. Kisha nchi nzima inalazimika kukubaliana kwa sauti: namba gani tunaweza kuishi nayo? Kanuni ya mwaka 2000 iliitaja. Kwa nyumba ya kuishi, hatari inayokubalika isizidi vifo 3 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 wanaoishi mahali pa namna hiyo. Juu ya hapo kuna maeneo ya A, B na C, na kwenye C, ambako hatari ni zaidi ya mara 10 ya hiyo, hakuna kujenga nyumba mpya ya kuishi. Mahali pa kazi pamepewa nafasi zaidi kuliko nyumba, kwa sababu kazini watu hawalali na hawakai siku nzima na watoto. Ni hesabu baridi, lakini angalau imeandikwa mahali mtu yeyote anaweza kuisoma na kuipinga.

Kisha kalamu ikaondolewa kwenye mkono wa diwani. Sheria ya 1997 iliipa Idara ya Hali ya Hewa ya nchi kazi ya kukadiria hatari, na pia ya kusema ni lini watu waondolewe, polisi wakitekeleza. Diwani wa kijiji hana tena sababu ya kuogopa majirani zake kwa sababu ya mita 50.

Na pesa? Hapa ndipo nilipokaa kimya kidogo. Kila jengo lenye bima Iceland, na bima hiyo ni ya lazima, linalipa tozo ya 0.3 kwa kila 1,000 ya thamani yake ya bima kila mwaka, inaingia kwenye mfuko wa maporomoko. Kwa pesa zetu, nyumba ya milioni 10 ingelipa shilingi 3,000 kwa mwaka. Anayekaa kwenye fleti Reykjavík, ambako hakuna mlima wa kumwangukia, analipa kwa ajili ya mvuvi wa Flateyri. Mfuko unaweza kubeba hadi asilimia 90 ya gharama ya matuta ya kukinga, kijiji kinabeba kinachobaki. Na pale tuta linapokuwa ghali kuliko nyumba zenyewe, mfuko unanunua nyumba ili mwenyewe aende kuanza upya kwingine.

Linganisha na Mei 2024 Nairobi, baada ya mafuriko. Walioko ndani ya mita 30 kutoka mtoni waliambiwa wahame, matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru, na ahadi ikawa shilingi 10,000 kwa kila familia. Shilingi 10,000 ni kodi ya miezi miwili na usafiri wa godoro. Sisemi watu wangebaki kando ya mto. Mto ulikuwa umeshaua. Nasema hiyo mita 30 haikuchorwa na maji. Mahali pengine maji yalipita 30 mbali sana, mahali pengine hayakufika 10. Na sheria hiyohiyo ya Iceland ya 1997 inashughulikia theluji na matope kwa pamoja, kwa hivyo mtu asiniambie haya ni mambo ya nchi za baridi peke yake. Nyarkulian ingeweza kupimwa. Mteremko ni mteremko.

Lakini pia sitaki mfikirie Iceland ni mbinguni. Flateyri walijengewa tuta kubwa lenye umbo la herufi A, ncha ikitazama mlima, kila mkono ukiwa na urefu wa kama mita 600 na kimo cha mita 15 hadi 20. Likamalizika 1998. Mwaka 1999 na mwaka 2000 theluji ilikuja, ikagonga, ikapinda kando. Watu wakaanza kulala. Kisha usiku wa 14 Januari 2020 yalishuka maporomoko mawili kwa kufuatana, sehemu ya theluji ikaruka juu ya tuta, ikaingia kwenye nyumba moja na kumfunika msichana aliyekuwa kitandani. Alichimbuliwa akiwa hai. Theluji nyingi ilipindishwa na tuta kama ilivyopangwa, lakini ilipopindishwa ilienda moja kwa moja bandarini, ikavunja mashua. Hakuna aliyekufa usiku huo, ila kijiji cha wavuvi kiliamka bila mashua. Na kumbe kwa miaka mingi si pesa zote za ile tozo zilizokuwa zikitumika kwa kazi yake, serikali ikizishikilia huku vijiji vingine vikingoja matuta yaliyokuwa yamalizike 2010, halafu 2020. Hiyo tabia mnaijua, sihitaji kuieleza.

Súðavík nao hawakungoja tuta. Walihamisha kijiji. Nyumba mpya zilijengwa mbele kidogo kwenye pwani ileile, mbali na mkondo wa theluji, na kijiji cha zamani kikaachwa kwa wageni wa kiangazi. Miaka 29 ilipita. Bado familia za waliokufa walikuwa wakiuliza kwa nini usiku ule hawakuambiwa watoke, ni nani aliyekuwa anajua, na ramani ilikuwa kwenye meza ya nani. Mwaka 2024 bunge la Iceland lilikubali kuunda tume huru ya kuchunguza. Waliokuwa watoto Súðavík asubuhi ile na wakapona, wakati huo walikuwa na miaka 30 na zaidi, wengine na watoto wao wenyewe.

Kila mwaka baridi ikianza, zile nyumba za zamani hufungwa. Taa huzimwa. Mtu haruhusiwi kulala hapo mpaka theluji iishe mlimani.